Kulala Ndani ya Gari Ukingoni Ngorongoro: Ukitokea Mwanza, Anza Hesabu na Usiku wa Juu

Wengi wakipanga safari hii huanza na barabara: tupite wapi, mafuta lita ngapi, tule wapi. Anza na usiku mmoja wa kule juu, halafu urudi kinyumenyume hadi Mwanza. Usiku huo ndio utakaokuambia ubebe nini, gari likaguliwe wapi na uingie getini saa ngapi.

Ziwa letu, Victoria, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, iliko kambi ya Simba A, uko kati ya mita 2,200 na 2,400. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi, na Juni hadi Agosti usiku wa ukingoni hushuka chini ya nyuzi 10, upepo juu yake. Aliyezoea shuka moja na feni Nyamanoro atakesha akitetemeka. Mablanketi mazito mawili kwa kila mtu, soksi za sufu na kofia. Jaketi nene na mifuko ya kulalia tafuta kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, maana Mwanza wanunuzi wake ni wachache na bei huteremka ukibembeleza kidogo.

Kwenye Haisi au Kosta iliyotolewa viti, baridi kali hutoka chini kuliko juu. Sakafu ni bati. Tandika turubai, juu yake mkeka au maboksi yaliyokunjuliwa, ndipo uweke godoro la inchi 4. Vioo vizibe kwa foili ya kukingia jua, ila usifunge gari lote. Watu wanne wakipumua usiku kucha ndani ya gari lililofungwa, asubuhi dari linatiririka maji na magodoro yamelowa. Acha madirisha mawili wazi kiasi cha kidole, moja kila upande, yakiwa na wavu.

Na hapa hatubembelezi mtu: jiko la mkaa halilali ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu yenye moto. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. La gesi nalo pikia nje.

Mtungi wa gesi utakushangaza pia. Gesi hugeuka kuwa mvuke kwa kutumia joto lake yenyewe, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 uliobaki robo, alfajiri ya baridi, hutoa moto wa kinyonge wa bluu unaocheza tu chini ya sufuria. Usiusogezee moto. Uweke wima ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, au nenda na mtungi uliojaa. Maji ya ukingoni huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, wakati Mwanza ni karibu 96, kwa hiyo maharage yatakumalizia gesi yote na bado yagonge meno. Yachemshe nyumbani uyabebe yameiva. Chakula kinachofaa zaidi tunacho wenyewe: michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya kuchemsha na karanga za kusaga, na dagaa wakavu waliokwisha kuoshwa na kukaangwa. Friji acha nyumbani. La volti 12 hula amp-saa 40 hivi kwa siku, betri ya amp-saa 100 ya kawaida haifai kushushwa chini ya nusu, na ukungu wa asubuhi huinyima sola yako kazi. Kule nje ni friji tayari.

Hewa ya kule juu ina mgandamizo mdogo, kwa hiyo ukifungua mizigo utakuta pakiti za krispi zimevimba kama mito ya kulalia. Chupa ya mafuta ya kula na ya shampuu nazo zimevimba, fungua kifuniko taratibu. Dumu la petroli ndilo la kuogopa, na hilo kamwe lisikae mnapolala.

Maji hesabu lita 10 kwa mtu kwa siku: 5 za kunywa na kupikia, 5 za kunawia. Watu wanne kwa siku mbili ni madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80. Uzito huo ukiuweka juu ya keria gari litayumba kwenye kona za kupandia. Yapange sakafuni, karibu na ekseli ya nyuma, uyafunge kwa kamba.

Sasa barabara. Kupitia Magu, Lamadi na geti la Ndabaka ni karibu zaidi kwenye ramani, lakini unavuka Serengeti nzima kwenye vumbi na unalipia hifadhi mbili. Upande wa magharibi wa Serengeti una ule udongo mweusi wa mbuga tunaoujua kwenye mashamba ya pamba, ukilowa hata Land Cruiser hukaa. Kwa Haisi ya kulala, tunapendekeza lami: Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Katesh, Babati, Makuyuni, Karatu. Ni karibu kilomita 800, siku mbili bila kukimbizana, ukilala Singida. Usiendeshe usiku, ng'ombe wa barabarani hawana taa. Tangi la Haisi ni lita 70 tu na ikiwa imebeba mzigo hupata kama kilomita 8 kwa lita kwenye tambarare, chini ya hapo kwenye mlima, kwa hiyo jaza Singida na ujaze tena Karatu hata kama mshale uko nusu.

Usipange safari hii Machi hadi Mei. Ndani ya geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro ukitokea Karatu, kuna udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni ukinyeshewa.

Kazi nzito ya injini haiko mlima wa Sekenke, kati ya Igunga na Singida, kama watu wanavyodhani. Iko mwishoni. Mto wa Mbu uko chini hata kuliko Mwanza, kama mita 1,000, halafu ndani ya kilomita zisizofika 80 unapanda zaidi ya mita 1,200 hadi ukingoni. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300, kwa hiyo kule juu nguvu zake ni pungufu kwa asilimia 11 au 12 kuliko zilivyo Mwanza, na gari limejaa mizigo.

Hapo ndipo rejeta husema ukweli. Mafundi wengi wa mjini, gari likichemka, hung'oa thamostati (kizibo kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini kufuata joto) wakakurudishia funguo. Mshale unashuka, unafurahi, kumbe rejeta bado imeziba kwa kutu ya maji ya bomba uliyojaza miaka miwili. Mlimani itachemka tu, na asubuhi ya baridi injini haitapata joto lake, itakula mafuta. Wiki mbili kabla ya safari rejeta isafishwe, thamostati irudishwe, ijazwe kulanti halisi (maji maalumu ya rejeta), na kifuniko cha rejeta kibadilishwe kama mpira wake umekakamaa. Feni belti ikiwa na nyufa, nunua mbili, moja ya akiba. Kisha jaribu gari likiwa na mzigo wote. Kilima cha Bugando ni kifupi mno, hakikupi jibu.

Mshale ukipanda njiani, zima eisii, washa hita kwa nguvu zote, rudi gia ndogo. Ukizidi kupanda, simama na usubiri angalau nusu saa kabla ya kugusa kifuniko. Watu wameungua uso kwa haraka ya dakika tano.

Afya. Kanda yetu ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu. Baridi, upungufu wa maji na hewa nyembamba vyote huchochea maumivu, kwa hiyo mwenye ugonjwa huo aende kliniki yake kwanza, na kama daktari akisema abaki Karatu, abaki. Jambo la pili ni malaria. Vimelea huchukua siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi, kabla ya homa kuanza, maana yake mbu aliyekuuma Mwanza anaweza kukuangusha ukiwa ukingoni ambako mbu ni wachache. Homa na kutetemeka kule juu usiseme ni baridi tu. Pima.

Kibali huhesabiwa saa 24 tangu unapoingia, na geti hufungwa saa 12 jioni. Ukiingia saa 2 asubuhi, kesho yake utalazimika kuondoka kwenye ukungu mzito, gari likiwa limelowa umande. Ingia saa 5 au 6 mchana: ukungu umeshainuka, unapanga kambi kweupe, na kesho unapata asubuhi nzima. Malipo fanya kwa kadi au kwa namba ya malipo kabla ya kufika. Ada ya gari hufuata uzito wake mtupu, kwa hiyo kadi ya gari iwe karibu. Haisi haishuki kreta, huko ni magari ya foo-wili tu. Ukitaka kushuka, kodi gari Karatu.

Kambini hakuna uzio. Pundamilia na nyati huja kula majani, tembo hufuata maji. Chakula chote kiingie ndani, hata ganda la ndizi, na usiku mulika tochi pande zote kabla ya kushuka kwenda chooni.

Siku ya kurudi, shuka kwa gia uliyopandia. Otomatiki: zima O/D (ovadraivu, gia ya mwendo kasi), weka 2. Anayeshuka kwa breki peke yake hupasha moto mafuta ya breki, na yakiwa ya zamani yana maji ndani, huchemka na pedali huzama hadi sakafuni. Yabadilishwe kabla hujatoka Mwanza. Ukisikia harufu ya kuungua kwenye mteremko wa Mto wa Mbu, simama pembeni, weka gia na mawe kwenye matairi, handbreki usiivute kwa nguvu. Kaa nusu saa. Usimwagie ngoma za breki maji, zitapasuka.