Jibu kwa aliyekwama Mega Man 9: kagua TV kwanza, vidole baadaye

Mleta mada kasema hivi: amenunua Mega Man Legacy Collection 2, mkusanyiko wa magemu ya Mega Man, yule roboti wa bluu anayeruka na kupiga risasi, kwa bei ya ofa, ameanza na namba 9 kwa kuwa aliambiwa ndiyo kali kuliko zote humo, leo siku ya nne hajaua bosi (yule adui mkubwa wa mwisho wa kila hatua) hata mmoja. Anauliza yeye ndiye mbovu au gemu ndilo bovu. Wachangiaji wa juu wamemwambia "fanya mazoezi mkuu" wakaenda zao. Hilo si jibu. Mimi nimelimaliza gemu hili mara mbili, na ile ya kwanza ilinila karibu miezi miwili, kwa hiyo ngoja nivute kiti.

Swali langu kwanza: unachezea kwenye kioo gani?

Usicheke. Mimi nilianza na laptop ya mtumba niliyoiunganisha kwa waya wa HDMI na TV ya sebuleni. Kila nikibonyeza kuruka, roboti anaruka wakati mguu mmoja umeshaingia shimoni. Wiki mbili nzima najilaumu. Nikajiambia umri umekwenda, vidole vimekuwa vya kusaini risiti tu. Jioni moja shemeji akaitaka TV yake aangalie tamthilia, nikahamia kwenye kioo cha laptop chenyewe. Lile shimo lililokuwa limenizika mara hamsini nikalivuka kwa jaribio la kwanza! Nikarudi mwanzo, nikalivuka tena.

TV nyingi za kisasa hazionyeshi picha palepale inapoingia. Zinaipaka rangi kwanza, zinaulainisha mwendo, ndipo zinakuonyesha. Kwenye tamthilia huwezi kujua, kwa sababu sauti nayo inasubirishwa ili iendane na midomo. Gemu hili linakwenda picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo TV ikichelewa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, wewe unaangalia mambo yaliyopita picha sita nyuma. Ingia kwenye mipangilio ya TV, utafute "Game Mode", uiwashe. Kama pedi yako ya kuchezea ni ya bluetooth, ichomeke kwa waya nayo. Fanya hivyo leo kabla hujasoma zaidi, maana yote yanayofuata hayana kazi kama kidole na kioo havielewani.

(Halafu kitu kingine kuhusu TV na laptop: umeme ukikatika, TV inazima lakini laptop ina betri. Nimewahi kukaa gizani nikisikiliza roboti wangu akilipuka, simwoni.)

Sasa tuje kwenye gemu.

Mega Man 9 ilitoka mwaka 2008, enzi ambazo magemu mengine yalikuwa yanashindana nani ana majani halisi zaidi. Capcom na studio ya Inti Creates wakarudi nyuma miaka ishirini wakatengeneza gemu lenye sura na sauti za mashine ya kaseti, mtindo uleule wa Mega Man 2 ya 1988. Na hawakuishia kwenye sura. Mfululizo huu ulikuwa umeshampa roboti uwezo wa kuteleza chini tangu Mega Man 3 ya 1990, na wa kuchaji risasi kubwa tangu namba 4 ya 1991. Kwenye namba 9 wakamnyang'anya vyote viwili. Amebaki kutembea, kupanda ngazi, kuruka na kupiga risasi moja kwa moja mbele yake. Hawezi kuinama. Hawezi kupiga juu.

Nimegundua watu wengi waliozoea Mega Man X, mfululizo mwingine ambao roboti wake anachomoka mbio na kupanda kuta, ndio wanaoumia zaidi hapa, kwa sababu mkono unatafuta kitufe ambacho hakipo. Kama na wewe umetoka huko, kubali kwamba huyu ni roboti mwingine.

Kuna jambo moja ambalo kama ningelijua mapema lingenipunguzia mwezi mzima. Risasi za kawaida haziwezi kuzidi tatu kwenye kioo kwa wakati mmoja. Ukisimama mbali ukabonyeza kama cherehani, zinatoka tatu, halafu bunduki inakaa kimya mpaka moja igonge kitu au itoke nje ya kioo. Ukimsogelea adui, risasi inagonga upesi, nafasi inafunguka, nyingine inatoka. Kwa hiyo roboti huyu ana nguvu zaidi akiwa karibu na hatari kuliko akiwa mbali nayo. Woga unampunguzia risasi. Mimi nilikuwa nacheza nimejibanza pembeni mwa kioo, na kila bosi nilimwona kama ana damu isiyokwisha.

Kulenga na kuruka utazoea. Kinachobaki ni kusoma, na hapa nitakaa kidogo.

Nina mpwa wangu, wakati ule alikuwa na miaka tisa, alikuwa akija kwangu likizo. Yeye magemu haya anayaona ya kizee, ana simu ya mama yake yenye mambo makubwa zaidi. Siku hiyo nilikuwa nimekwama kwa Splash Woman, roboti mwanamke wa majini, ndiye bosi wa kwanza wa kike katika orodha ya mabosi wanane wa mfululizo huu. Chumba chake kimejaa maji, kwa hiyo ukiruka unaelea juu kama puto. Anapanda hadi juu, anashusha mikuki yake ya miale, na wakati mwingine anaimba, samaki wanapita wakikuvamia. Nimekufa mara ya kumi na ngapi sijui, roho (nafasi za kufa na kuanza tena) zimeisha, nimetupa pedi kwenye kochi. Mtoto akaniuliza:

"Mjomba, mbona akiimba wewe unampiga tu? Si ndo anawaita wale samaki?"

Nilikuwa sijaona. Kweli tena. Nilikuwa namwangalia mtu wangu, yule wa bluu, kwa sababu ndiye ninayemhofia kufa. Mtoto hakuwa na pedi mkononi, akawa anaangalia kioo kizima. Nikaingia tena, nikaamua sitapiga hata risasi moja. Nikacheza kumkwepa tu, roho nzima, nikihesabu: anapanda, anashusha, anatua, anaimba. Roho iliyofuata nikamwangusha, nikabaki na vijimistari viwili vya uhai kati ya 28.

Tangu hapo kila bosi mpya nampa roho moja ya bure. Naingia kuangalia tu. Hao mabosi hawabahatishi, kila mmoja ana ishara kabla ya pigo lake, na ishara hiyo huioni mpaka uache kushambulia kwa sekunde ishirini. Na hatua zenyewe zimejengwa hivyohivyo. Kwenye hatua ya Plug Man, bosi wa umeme, kuna vile vitofali vinavyotokea na kupotea hewani. Watu wanavikimbilia kwa macho. Jaribu masikio: kila kitofali kinapotokea kinatoa mlio, na mfuatano haubadiliki. Simama pembeni, acha wimbo upite mara mbili, gonga kwa kidole kwenye goti, ndipo uruke. Hapohapo kwa Plug Man kuna runinga zinazotoa nakala zako bandia zinazokurushia risasi. Mpwa wangu alipiga makofi kwa hilo, akasema hicho kizee kina akili.

Haya, mabosi wanane unawachagua kwa mpangilio unaoutaka, na kila unayemuua unachukua silaha yake. Uanze na nani? Aya inayofuata inafichua mpangilio, kama unataka kuutafuta mwenyewe iruke.

Anza na Galaxy Man, ndiye mpole zaidi kwa mwenye bunduki ya kawaida. Silaha yake, bomu la shimo jeusi, linamuumiza Jewel Man. Vito vya Jewel Man vinamuumiza Plug Man. Mpira wa umeme wa Plug Man unammaliza Tornado Man, kimbunga chake kinamzima Magma Man, moto wa Magma unamchoma Hornet Man, nyigu wa Hornet wanamsumbua Splash Woman, mkuki wa Splash unamvunja Concrete Man, na zege la Concrete ndilo linalorudi kumkamata Galaxy. Duara limefunga. Kwa hiyo ni mmoja tu, wa kwanza, unayepaswa kumpiga mkono mtupu.

Lakini usizichukulie silaha hizo kama funguo za mabosi peke yake. Vito vya Jewel vinazunguka mwili wako na kukukinga dhidi ya risasi ndogondogo, vinabaki mpaka uvirushe. Zege linaganda likawa ngazi ya kukanyagia. Nyigu wanakuokotea vitu vilivyo mbali. Mpira wa umeme unatambaa sakafuni na kupanda ukuta, unamfuata yule adui aliyejificha kule ambako bunduki haifiki. Mimi raundi ya kwanza nilikuwa nazitunza silaha zote "kwa ajili ya bosi", kama bibi anavyotunza vikombe vya wageni kabatini. Nikafa nazo zimejaa.

Kuhusu duka. Adui wanaangusha skrubu, unaziokota, unanunua kwa Roll, dada yake roboti. Kuna wajuaji humu watakwambia kununua ni aibu. Achana nao. Nunua makopo ya nguvu, na zaidi ya yote nunua ile huduma ya kumwita Beat, ndege anayekudaka ukitumbukia shimoni, pamoja na kinga ya miiba. Kwenye gemu hili mashimo na miiba ndivyo vinavyoua, adui wenyewe wanakuja nyuma kabisa. Isitoshe, Legacy Collection 2 ina chaguo la kumwongezea roboti kinga ya mwili ili madhara yapungue nusu. Mara ya kwanza sikulitumia kwa sababu ya kiburi. Mpwa wangu alilitumia, akafurahi, akafika mbali kuliko nilivyokuwa nimefika mimi kwa muda uleule. Sijaona aliyemnyima chakula.

Je, gemu lina ubovu wake? Linao. Kuna sehemu adui anachomoka shimoni ukiwa umesharuka, na hapakuwa na njia yoyote ya kujua mpaka ufe mara moja. Wapenzi wa gemu wanaita hiyo changamoto, mimi naiita kuviziwa. Nyumba ya Dr. Wily, adui mkuu wa mfululizo huu, mwishoni nayo ina vipande virefu ambavyo ukifa kwa bosi unarudishwa mbali, na pale sikujifunza chochote, nilichoka tu. Kwa hiyo ukijisikia umeonewa, mara nyingine ni kweli umeonewa. Zima, kalale.

Kwenye mipangilio kuna pia chaguo la kurudisha kule kumetameta kwa picha. Ile mashine ya zamani ya Nintendo haikuweza kuchora zaidi ya vipande vinane vya wahusika kwenye mstari mmoja wa kioo, vikizidi vinaanza kupepesuka, yaani kutokea na kupotea upesi. Hawa mabwana wakaweka kasoro hiyo kama kitu cha kuwasha kwa hiari. Mimi naiwasha. Nilianza magemu kwenye banda la jirani lenye TV ya chogo, kaseti za njano zinazopulizwa kwa mdomo kabla ya kuchomekwa, na roho zikiisha unampisha mwenzako hata kama ulilipa sasa hivi. Nikiona adui wanapepesuka nasikia harufu ya lile banda. Kwako haina maana, izime.

La mwisho, kwa sababu kuna aliyesema humu kwamba gemu halina hadithi. Lina hadithi, fupi lakini. Mabosi wote wanane walikuwa roboti wa kazi, si wa vita. Concrete Man anajenga mabwawa, Splash Woman anaokoa watu baharini, Magma Man anaendesha mtambo wa umeme wa joto la ardhini, kama ule wa Olkaria kule Kenya. Wote muda wao wa matumizi uliowekwa kisheria umefika, wanatakiwa kwenda kuvunjwa ingawa wazima. Wily anawafuata na maneno matamu, anawageuza, halafu anajitokeza kwenye taarifa ya habari kumsingizia Dr. Light, mtaalamu aliyemtengeneza Mega Man, na kuomba michango ya fedha, kama mwenyekiti wa kamati ya harusi. Na Mega Man mwenyewe alikuwa roboti wa kusaidia kazi za nyumbani kabla hajaomba abadilishwe awe wa kupigana. Nilipofika hapo nilikuwa nimeshamlipua yule mwokoaji wa baharini mara tatu, nikajisikia vibaya kidogo. Mpwa wangu akauliza kwa nini wasiwape kazi nyingine. Sikuwa na jibu.

Mkuu, washa hiyo Game Mode usiku huu, nenda kwa Galaxy Man, roho ya kwanza usipige risasi. Ukikwama kwenye yale majoka ya moto kwa Magma Man niite hapahapa, hao nina mambo nao binafsi.