Muulize Fundi wa Vyombo: Wati 30 za valvu na wati 100 za transista

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Tanga. Amplifaya yangu ni ya transista, wati 100. Binamu yangu aliyeko London ameona Vox AC30 ya miaka ya 1960, ya valvu, wati 30 tu, na bei yake inanunua pikipiki. Wazee wa bendi wananiambia niichukue hata nikiwa nimefumba macho. Ni sauti kweli, au ni mapenzi ya vitu vya kale? Na umeme wetu itauweza?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Wazee wako wana masikio, ila hilo la kufumba macho nalikataza.

Tuanze na wati, maana ndizo zinazowapoteza wengi dukani. Kutoka wati 30 hadi 100 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 tu na kidogo. Ili sikio lako likiri kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji takriban mara 10 ya wati ulizokuwa nazo. Halafu kuna spika. Zile za bluu za Celestion, zilizofungwa kwenye AC30 nyingi za enzi hizo, hutoa desibeli 100 kwa wati 1 ukizipima kwa umbali wa mita 1. Spika ya bei poa ikipungua hapo desibeli 5, wati zako zote za ziada zimeshaliwa, na hujapiga hata noti moja.

Kubwa zaidi ni kinachotokea amplifaya inapofika mwisho wa uwezo wake. Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani, kathodi ikipashwa moto inatoa elektroni, zinakimbilia anodi, na ishara ndogo ya gitaa lako ndiyo inayoamua kwenye gridi, yaani wavu wa waya ulio katikati, zipite ngapi. Ukiisukuma sana, kilele cha wimbi hubonyea polepole. Transista za kawaida hukikata kama kwa panga, ndiyo maana mwenye transista huwa anajizuia asifike huko, ilhali mwenye valvu anaishi hukohuko.

AC30 ina mawili ya ziada. Amplifaya nyingi huchukua sehemu ya sauti inayotoka kwenye hatua ya mwisho na kuirudisha nyuma ili kujisahihisha. Hii hairudishi kitu. Inaachwa itoke ilivyo. Pia umeme wake hunyooshwa (kutoka wa kwenda na kurudi uwe wa mwelekeo mmoja) na valvu, GZ34, badala ya dayodi za kisasa zisizo na kioo. Ukigonga nyuzi kwa nguvu volti zinashuka kidogo halafu zinarudi, kwa hiyo noti inaanza imejibana kisha inafunguka. Bendi inapoingia kwenye chemko na wewe uko juu kabisa ya shingo ya gitaa, noti zile hazimchomi mtu masikio. Ukilegeza mkono sauti inasafika, ukikaza inakwaruza, na hujagusa kitufe chochote. Hilo ndilo wazee wako wanalolikumbuka, hata kama wanalieleza kwa maneno mengine.

Lakini umri si dawa. Mwaka 1962 duka la Jim Marshall, Hanwell, magharibi mwa London, lilichukua saketi ya amplifaya ya Fender Bassman ya Marekani na kuijenga kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza. Spika zikawa nyingine, transfoma nyingine, na ikatoka amplifaya yenye sauti yake. Sauti inakaa kwenye saketi, transfoma na spika. Vumbi la miaka sitini halina noti ndani yake, ingawa wauzaji wanalitoza.

Umeme: hapo una bahati. Uingereza na sisi tuko kwenye volti 230 na hezi 50, hata plagi ni ileile. Ungeletewa Fender ya Marekani ya volti 120 ungebeba na transfoma ya kushusha. Hata hivyo, nunua stabilaiza, maana valvu nne za EL84 zilizomo zinachapwa kazi kweli na volti zikipanda zitakufa mapema. Hakikisha pia ukumbi una ethi. Mwimbaji akipigwa shoti mdomoni na maikrofoni atakulaumu wewe, na huenda atakuwa sahihi.

Kapasita, vipuri vinavyohifadhi umeme ndani ya amplifaya, zikiwa za zamani hivyo hukauka. Kama hazijabadilishwa, binamu aipeleke kwa fundi hukohuko kabla ya kulipa. Wewe usiifungue: ndani mna zaidi ya volti 300, na kapasita huweza kuzishikilia hata baada ya kuchomoa plagi.

Ingekuwa mimi, nikipiga baa na harusi na kupakia vyombo kwenye kirikuu usiku, ningeiacha. Ina zaidi ya kilo 30. Kwa pesa hiyo tafuta ya valvu iliyotengenezwa miaka ya karibuni, wati 15 zinatosha kabisa, weka maikrofoni mbele ya spika, chenji iende kwenye spika nzuri. EL84 mpya bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, kwa hiyo hutakwama. Ya mwaka 1960 na kitu waachie wenye studio.

SWALI: Fundi, kijana wa kwaya aliwasha amplifaya yetu ya valvu spika zikiwa zimechomolewa, akaipiga kwa muda. Sasa taa inawaka lakini sauti hamna. Tununue valvu? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Msinunue kitu kwanza. Amplifaya ya valvu haipigwi bila spika. Volti hupanda sana kwenye transfoma ya kutolea sauti na insulesheni yake huweza kutoboka. Fundi aipime transfoma hiyo kabla ya valvu, kwa sababu mkichomeka valvu mpya kwenye transfoma iliyoungua mtaziua nazo. Aangalie na fyuzi ya ndani. Na waya wa spika ufungwe kwa skrubu, usiwe wa kuchomekwa tu.