Maswali na majibu: Agosti ya wapokeaji, watu kumi kwa namba mbili

Maswali ya wiki hii karibu yote yamegusa jambo moja la futiboli ya Marekani: wapokeaji, wale vijana wanaodaka pasi ndefu pembeni mwa uwanja, wanaong'ara Agosti na ikifika Septemba huwaoni tena. Maswali nimeyafupisha. Majibu, kama kawaida yangu, yamenishinda.

Nilikesha hadi saa nane usiku kuangalia mechi ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, nyota wote wamekaa pembeni wanapiga soga. Hizi mechi ni za nini hasa? (Msomaji, Ubungo)

Pole kwa usingizi. Saa moja jioni ya New York wakati huu wa mwaka ni saa nane usiku kwetu, na ulichokiona ndivyo kilivyopangwa. Tangu 2021 kila timu inacheza mechi tatu za kujipima nguvu, zamani zilikuwa nne, na matokeo yake hayaingii popote. Nyota hachezi kwa sababu kocha hana jipya la kujua juu yake. Cha kupoteza anacho: goti la nyota huyo.

Ila usizime. Timu inaingia kambini mwezi Julai na wachezaji 90. Mwishoni mwa Agosti, kwa saa moja iliyopangwa ya siku moja, lazima wawe wamebaki 53. Timu ziko 32, kila moja iachane na watu 37 hivi. Piga hesabu: zaidi ya wachezaji 1,100 wanaambiwa wakusanye vitu vyao. Hao ndio unaowaona robo ya nne, nusu ya mashabiki wameshaondoka. Mechi yenyewe ya Agosti inaanza baada ya mapumziko.

Mbona wapokeaji wanaachwa wengi hivyo? (Msomaji, Kisumu)

Kwa sababu wanaitwa wengi. Mazoezi ya kambi yanakula miguu ya mpokeaji kuliko unavyodhani. Anakimbia kwa kasi yote kila mpira unapoanza, awe anarushiwa yeye au mwenzake, kwa hiyo timu huita wapokeaji kumi au zaidi ili zamu zitoshe. Mkeka ukitoka wanabaki watano au sita, saba ni nadra. Na kati ya hao, watatu au wanne namba zao hazikuwahi kugombewa: wana mikataba minono, au klabu iliwachagua mapema kwenye drafti, lile zoezi la kila mwaka la timu kuchagua vijana wapya kwa zamu. Vita yote ni ya namba ya tano na ya sita. Siku ya mechi yenyewe wanaovaa jezi ni hadi 48 kati ya 53, kwa hiyo hata huyo wa sita aliyeponea chupuchupu anaweza kuangalia mechi akiwa na nguo za kawaida.

Kuna kijana alidaka kila kitu, akafunga, watu wakamwimba wiki nzima. Mkeka umetoka, hayumo. Hiyo si fitina? (Msomaji, Mombasa)

Fitina zipo kila mahali penye makocha, lakini mara nyingi hapa hakuna.

Anza na aliyekuwa anamkaba. Beki wa robo ya nne naye ni kijana anayegombea namba, na huenda wiki inayofuata atakuwa nyumbani. Kocha hapimi kudaka tu, anapima kudaka mbele ya nani. Ndiyo maana siku hizi makocha wengi wanathamini zaidi yale mazoezi ya pamoja, timu mbili zikikutana siku mbili tatu katikati ya wiki, ambapo mabeki wa kwanza wa timu pinzani wanacheza kweli. Sisi wa kwenye televisheni hayo hatuyaoni, halafu tunashangaa.

La pili ndilo zito, na wengi hawalitaki. Mpokeaji wa tano na wa sita hawaajiriwi kupokea. Wanaajiriwa kwa ajili ya mipira ya mguu, yaani ile inayopigwa teke. Angalia panti, yaani timu imeshindwa kusonga inaupiga mpira mbali. Sheria inawaruhusu watu wawili tu, wale waliosimama pembeni kabisa, kukimbia kabla mpira haujapigwa. Mmoja wao mara nyingi ni mpokeaji kijana. Mbele yake wamesimama mabeki wawili ambao kazi yao ni kumsukuma, kumvuta kiujanja na kumtoa nje ya mstari. Inabidi awapite wote wawili, akimbie yadi 40 au 50, na afike kwa mdakaji wa timu pinzani wakati mpira unashuka, bila kumgusa mapema. Akimpita kwa pupa, mdakaji ana njia nyeupe. Akichelewa, vilevile. Kazi hii haina wimbo mtandaoni, lakini kocha wa vikosi maalumu, vile vya mipira ya mguu, ana kiti kwenye kikao cha mwisho, na akisema "huyu simhitaji", mpokeaji wa sita hana wakili.

Mfano wangu wa siku zote ni Matthew Slater. New England Patriots walimchagua raundi ya tano mwaka 2008 kama mpokeaji. Alicheza misimu 16, akachukua mataji matatu ya Super Bowl, fainali ya ligi, akaitwa mara kumi kwenye Pro Bowl, kikosi cha wachezaji bora wa msimu. Pasi alizodaka katika mechi za ligi kwa miaka yote hiyo: moja. Mkate wake wote aliupata kwenye kukimbiza mipira ya mguu.

La tatu ni kazi ya bila mpira. Kwotabeki, yule mrusha pasi, anatazama kushoto, kijana upande wa kulia hana pasi, je, anamzuia beki wake ili mwenzake apite, au anasimama kuangalia sinema? Alitakiwa kukata ndani kwenye yadi ya 12, alikata ya 10? Yadi mbili hizo ndizo mpira unaoibiwa. Na anajua nafasi moja tu, au ukimhamisha kutoka pembeni kwenda ndani bado anajua aelekee wapi? Mtu wa tano anayejua nafasi tatu anabaki. Fundi wa nafasi moja anaachwa, na ninyi mnaandika barua.

Hata hivyo, mara mojamoja usiku mmoja unatosha. Tarehe 16 Agosti 2010, Victor Cruz, kijana wa Paterson, New Jersey, ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, aliichezea New York Giants dhidi ya Jets. Alidaka pasi sita, yadi 145, tachidauni tatu, yaani alifunga mara tatu. Giants wakambakiza. Mwaka huo hakudaka pasi hata moja kwenye ligi, aliumia msuli wa paja. Mwaka uliofuata akapata yadi 1,536 na msimu ukaishia kwa pete ya ubingwa. Kila mpokeaji asiyechaguliwa anaijua hadithi hiyo, na nadhani ndiyo inayowaponza baadhi yao: wanasubiri usiku wa Cruz badala ya kujifunza panti.

Ukishaachwa ndiyo basi? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana, na saa 24 zinazofuata ndizo tamu kwa sisi wafuatiliaji. Asubuhi ya siku ya panga, mtu wa ofisini anamfuata kijana korido au chumbani: kocha anakuita, njoo na kitabu cha mbinu. Zamani kilikuwa faili nene, leo ni tableti, lakini ujumbe haujabadilika.

Mchezaji mwenye misimu isiyofika minne haachiwi huru moja kwa moja. Jina lake linawekwa mezani na timu nyingine 31 zina hadi saa sita mchana ya kesho yake, saa za New York, kumchukua pamoja na mkataba wake. Zikimtaka mbili, anapewa iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita. Hapo makocha wanacheza kamari: kijana mzuri unayemtaka, umwache leo ukitumaini hakuna atakayemwona, kesho umrudishe kwenye kikosi cha mazoezi? Ndiyo maana timu nyingine humficha kijana wake kwenye mechi ya mwisho.

Kikosi cha mazoezi kina watu 16. Wanafanya mazoezi yote, na mchezaji anaweza kupandishwa kwa ajili ya mechi hadi mara tatu kwa msimu bila kuingizwa kwenye 53. Malipo ya mwaka 2025 kwa kijana yalikuwa dola 13,000 kwa wiki, wakati kiwango cha chini cha mchezaji mpya aliyeko kwenye 53 kilikuwa dola 840,000 kwa msimu. Si njaa, lakini pengo unaliona. Na timu yoyote inaweza kuja kumchukua, mradi imweke kwenye 53 yake.

Adam Thielen alipita mlango huo. Mwaka 2013 hakuchaguliwa, akaomba kujaribiwa na Minnesota Vikings, timu ya jimboni kwao, akakaa mwaka mzima kikosi cha mazoezi. Mwaka 2014 akapata namba, na unakumbuka nilichosema juu ya mipira ya mguu: Novemba 2014 alizuia panti ya Carolina, akauokota mpira na kwenda kufunga. Mwaka 2018 alianza msimu kwa mechi nane mfululizo za yadi 100 au zaidi.

Waliochaguliwa kwenye drafti wanabebwa? (Msomaji, Dodoma)

Wanabebwa, ndiyo. Wa raundi ya kwanza akidondosha mipira mitano ni "anazoea", asiyechaguliwa akidondosha miwili ni nauli ya kurudi. Klabu imeweka fedha na heshima yake hapo. Chini ya raundi ya nne upendeleo unayeyuka haraka, lakini huko huko chini ndiko alikotoka Puka Nacua, raundi ya tano, chaguo la 177 mwaka 2023, akaweka rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza kwa pasi 105 na yadi 1,486.

Kuna mtu wa Afrika Mashariki amewahi kufika huko? (Msomaji, Nairobi)

Wewe wa Nairobi ndiye unayeniuliza! Daniel Adongo, Mkenya, mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli hii. Hakuwa mpokeaji, aliwekwa ulinzi. Alianzia kikosi cha mazoezi, na Desemba mwaka huohuo akaingia uwanjani. Kwa kazi gani? Mipira ya mguu.

Sasa kuna njia rasmi kwa wageni, mpango wa NFL ulioanza 2017, na kila timu inaruhusiwa mtu wa 17 kwenye kikosi cha mazoezi akiwa ametoka nje ya Marekani na Kanada. Lakini usidanganyike na kasi. Louis Rees-Zammit, winga wa Wales, mmoja wa watu wenye mbio kali kwenye raga ya Ulaya, aliacha raga Januari 2024, Kansas City wakamsajili, Agosti wakamwacha. Jacksonville wakamweka kikosi cha mazoezi kama mpokeaji, na 2025 akarudi zake raga. Mbio alikuwa nazo. Kilichokosekana ni ile miaka kumi ambayo mtoto wa Texas ameitumia kujifunza lini beki anadanganya.

Mwanangu anacheza upokeaji shule ya sekondari hapa Ohio. Ana futi tano na inchi tisa tu, wenzake wanamcheka. Nimwambie aache? (Mama, Columbus)

Asiache kwa sababu ya kimo, mama yangu. Wes Welker ana urefu huohuo, hakuchaguliwa mwaka 2004, San Diego wakamwacha baada ya mechi moja ya ligi, na baadaye akawa miongoni mwa wapokeaji waliodaka pasi nyingi zaidi enzi zake. Cole Beasley ni mfupi zaidi na naye hakuchaguliwa. Wafupi hupangwa ndani, karibu na katikati ya uwanja, mahali pa kugeuka haraka na kujua nafasi iko wapi.

Azoee mapema kurudisha panti, yaani kuidaka na kukimbia nayo, watoto wengi wanaiogopa. Na kwenye mazoezi adake akiwa na miguu yote miwili ndani ya mstari. Huko shuleni na chuoni mguu mmoja unatosha, ligi kubwa wanataka miwili, na vijana wengi wanaligundua hilo wakiwa kambini, mbele ya kocha. Masomo, hilo unalijua kuliko mimi.

Nikiangalia mechi moja tu ya Agosti, niangalie nini? (Msomaji, Muscat)

Ya mwisho, kipindi cha pili, na usiangalie mpira. Panti ikipigwa tazama nani yuko pembeni kabisa. Huyo kocha anamfikiria. Anayecheza dakika zote za robo ya nne mara nyingi bado yuko mashakani. Na kijana asiyecheza kabisa, ilhali hajaumia, mara nyingi ameshaula.

Kwa nini wachezaji wawili wa timu moja wanavaa namba ileile ya jezi? (Msomaji, Tabora)

Watu 90, namba zinaishia 99, na klabu nyingi zimestaafisha baadhi. Kambini namba ileile hupewa mmoja wa ushambuliaji na mmoja wa ulinzi, ligi ikianza hairuhusiwi. Wapokeaji leo wanavaa 0 hadi 49 na 80 hadi 89, lakini zamani walibanwa zaidi, hivyo kijana wa kambini alipewa namba yoyote iliyobaki kabatini. Cruz usiku ule wa Jets alivaa 3. Alipopata kazi wakampa 80.