Jibu: Bibi wa kijani ni nyoka au ni mtu?

Ndugu, umeuliza kama yule bibi wa gauni la kijani katika The Silver Chair (C. S. Lewis, 1953) ni Mchawi Mweupe (yule mwovu wa kitabu kingine cha mfululizo huu) aliyerudi, na kama asili yake ni nyoka au mwanamke.

Kurudi, hapana. Kitabu kinawaweka kundi moja tu la wachawi, basi.

Anachotaka bibi huyu ni Narnia, ufalme wa hadithi hizi, ila aitawale kwa mgongo wa mtu. Handaki lake la kutokea chini ya ardhi limebaki kidogo litokeze juu, wachimbaji wamelogwa, na mateka wake Rilian, mwana wa mfalme na mrithi halali, ndiye atakayevikwa taji huku yeye akishika hatamu.

Kuhusu asili, utamu uko kwenye uongo wa bibi huyu. Mama yake Rilian aliumwa na nyoka wa kijani kando ya chemchemi. Hapo hapo Rilian akakutana na mwanamke wa kijani. Kisha anaaminishwa kwamba kila usiku huingiwa na wazimu na kugeuka nyoka, hivyo afungwe kwenye kiti cha fedha. Kumbe saa hiyo moja ndiyo pekee akili inamrudia! Bibi amembandika mateka sura yake yeye mwenyewe, ya nyoka.

Tena hageuki ovyo. Huanza kuloga kwa unga wa kijani motoni, muziki wa nyuzi na sauti ya kubembeleza. Mpaka Puddleglum, mmoja wa waliokuja kumwokoa Rilian, aukanyage moto kwa mguu mtupu, harufu ya kuungua iwazindue wenzake, ndipo bibi anajiviringisha kuwa nyoka. Anauawa hivyo hivyo, umbo la mwanamke halirudi. Mwandishi hatamki, lakini mimi nauhesabu mwili ule wa nyoka ndio wake.