Maswali ya Wasomaji: Ubalozi sio wa viza tu

Habari za kazi mhariri. Kuna jamaa anasema ana mtu wake ndani ya ubalozi mmoja, nikimtoa kidogo jina langu litaingizwa kwenye listi ya wanaopelekwa kusoma nje. Anadai bila mtu hupati. Digrii ninayo, maksi sio mbaya, ila nimechoka kutuma maombi kila mwaka. Nimpe? – Msomaji, jina tunalo

Usimpe hata senti ndugu yangu, na kama ushampa ya kwanza usiongeze. Hiyo listi haipo. Chukua skolashipu ya serikali ya Japani, ile inayopitia ubalozini: ubalozi unapokea makaratasi, unachuja, unakufanyisha mtihani wa kuandika alafu unakuita intavyuu, ukipita wanakupendekeza kwa wizara yao ya elimu kule Tokyo na huko ndo linatoka neno la mwisho, sasa huyo mtu wake amekaa wapi hapo katikati? Skolashipu ya Chevening ya serikali ya Uingereza, iliyoanza 1983, unajaza mwenyewe kwenye intaneti, lazima uwe umefanya kazi kama miaka 2 hivi, na intavyuu inafanywa na ubalozi wao. Kuomba zote mbili hakuna ada.

Kitengo cha utamaduni na elimu cha ubalozi, ambacho madalali kama huyo jamaa wanakificha, ndo mlango wako. Piga simu au andika barua pepe, uliza lini wana semina ya skolashipu, nenda ukae mbele uulize. Marekani wana ushauri wa vyuo unaitwa EducationUSA, nao maelezo ya kawaida hawakutozi. Ukifika huko peleka na ile barua yako ya maombi, manake mtu anayekosa kila mwaka na maksi anazo mara nyingi shida iko kwenye barua: umeandika unapenda nchi yao, hujaandika unataka kusoma nini na ukirudi utafanya nini nacho. Waliowahi kupata pia huwa wanaalikwa kwenye hizo semina, mtafute mmoja akusomee. Na hili nalisema kwa wote, kitengo cha utamaduni sio kitengo cha viza, kuhudhuria maonyesho yao kila wiki hakukuongezei nafasi ya viza hata kidogo.

Shikamoo mhariri. Binti yangu wa kidato cha tatu anaenda kujifunza lugha kwenye kituo cha utamaduni cha nchi fulani. Wanawaazima vitabu, wanawaonyesha filamu, hela wanayotoza ni ndogo sana. Mi najiuliza hawa watu wanafaidika nini? Roho haitulii. – Mama wa watatu

Marahaba mama, na swali lako ni la msingi kabisa. Wanafaidika, tena hawafichi. Mkataba wa Vienna wa 1961 unaoongoza mambo ya kibalozi, kifungu cha 3, unataja wazi kwamba kazi ya ubalozi ni pamoja na kujenga urafiki na kukuza uhusiano wa uchumi, utamaduni na sayansi. Binti akishajua lugha yao kesho atasoma kwao, atafanya biashara nao au atawasikiliza tu kwa moyo mweupe, hiyo ndo faida yao na ni ya miaka mingi. Vituo vya namna hiyo Wafaransa walianza navyo mapema, Alliance Française 1883, Waingereza wakaja na British Council 1934, Wajerumani Goethe-Institut 1951, Wahispania Instituto Cervantes 1991, Wachina taasisi za Confucius 2004. Sio zote ziko chini ya ubalozi moja kwa moja, nyingine ni vyama au taasisi zinazojiendesha ila serikali inachangia pesa.

Sasa, kila nchi inaonyesha uso wake mzuri, hilo binti alijue. Asome na ya wengine kuhusu nchi hiyo, na aulize maswali magumu hukohuko darasani, walimu wazuri wanayapenda. Wewe mwenyewe nenda siku moja ukakae nyuma uone wanafundishwa nini, mzazi akiomba wakikataa bila sababu hapo ndo uanze kuwa na wasiwasi.

Na mbona sisi Kiswahili tunakipeleka vilevile! UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani mwaka 2021, na balozi zetu zinaisherehekea huko nje. Mimi natamani isiwe siku moja ya ngoma na hotuba, iwe madarasa mwaka mzima, na maktaba yenye riwaya zetu ambayo mtoto wa mgeni anaingia anaazima kama huyo binti yako anavyoazima.

Nafundisha sekondari. Inawezekana kualika watu wa ubalozi waje kuongea na wanafunzi? – Mwalimu

Inawezekana mwalimu. Barua iende kwa kitengo cha utamaduni na elimu, iwe na nembo ya shule na saini ya mkuu, useme wanafunzi ni wangapi, umri gani, mada gani, na utoe tarehe mbili tatu wachague. Kama ni mbali waombe waongee kwa video. Mkienda nyie kwao tumeni majina yote mapema, getini asiyekuwa kwenye listi haingii. Wakikubali kuja, wanafunzi waandike maswali kabla, manake mgeni akikuta darasa kimya anaishia kusoma hotuba aliyokuja nayo.