Samaki Mchanga Hupata Wapi Minyoo?

SWALI: Mimi ni mchuuzi wa samaki mjini Tanga. Kila nikipasua chewa mkubwa, mara nyingi hukuta minyoo myeupe imejiviringisha juu ya ini na utumbo. Katika tasi wadogo wenye urefu wa kidole sijawahi kuiona, ila mara mojamoja hukuta kidudu ameng'ang'ania matamvuani. Je, samaki huzaliwa na minyoo hii? Na samaki wa namna hiyo analika?

JIBU: Dada yetu, samaki hazaliwi nayo. Samaki wengi wa baharini huanguliwa wakiwa na urefu wa milimita chache tu, mwili ukiwa mwangavu kama kioo na mdomo haujafunguka bado, na kwa siku za mwanzo huishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni. Minyoo uliyoitaja huingia kwa njia ya chakula, kwa hiyo kabla ya samaki kuanza kula haina pa kupitia. Mdomo ukishafunguka, kifaranga huanza kuokota vijidudu vinavyoelea majini, hasa kopepodi, na humo ndimo minyoo michanga ya aina nyingi inamojificha.

Minyoo yako, kwa jinsi ulivyoieleza, inafanana na ile ya jamii ya anisaki. Mnyoo mzima wa anisaki huishi tumboni mwa nyangumi na pomboo. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, minyoo inayoanguliwa huliwa na vijikamba vya bahari kuu, na vijikamba hivyo huliwa na samaki na ngisi. Ndani ya samaki mnyoo haukomai, bali hujikunja kama springi ya saa na kusubiri, hata kwa miaka. Samaki huyo akiliwa na mkubwa wake, mnyoo hutoboa utumbo mpya na kujikunja tena. Ndiyo maana chewa, ambaye huanza na windo dogo na baadaye kumeza samaki wazima, hulimbikiza minyoo kadiri anavyokua.

Hapa nikuombe uangalifu katika kulinganisha. Tasi hula mwani na majani ya bahari hata akiwa mkubwa, kwa hiyo uchache wa minyoo hii kwake unatokana na chakula chake pia, si udogo wake peke yake. Ukitaka kuona kazi ya umri, pasua chewa mchanga na chewa mkubwa waliovuliwa mahali pamoja, uwaweke ubavu kwa ubavu.

Kidudu wa matamvuani ana habari nyingine kabisa. Huyo hangoji kuliwa. Humtafuta samaki mwenyewe na kumshika, na kwa hiyo samaki mchanga anaweza kumpata mapema mno. Wako vidudu waitwao isopodi, wenye urefu wa milimita 1 hadi 3, ambao hufyonza damu, hasa usiku, kisha hujiachia na kurudi chini. Kwa changu mzima hilo ni jeraha dogo, lakini kwa kifaranga wa sentimita moja ni damu nyingi mno: utafiti uliofanywa katika kisiwa cha Lizard, Australia, ulionyesha kwamba isopodi mmoja tu anaweza kumuua samaki aliyetoka bahari kuu na kufika kwenye matumbawe kwa mara ya kwanza. Huko huko ilihesabiwa kwamba samaki msafishaji mmoja, yule mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni ambaye hata katika miamba yetu yupo, huwadonoa samaki wenzake na kula wastani wa vimelea 1,200 kwa siku.

Kuhusu kulika, samaki huyo analika akiiva hadi ndani kabisa, kwa kuwa anisaki hufa joto la mnofu likizidi nyuzi 60 za Selsiasi. Kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 pia huiua. Ndimu na chumvi ya kuonjea usizitegemee. Watoe matumbo mapema, kwa sababu katika baadhi ya samaki minyoo huanza kuhamia kwenye mnofu baada ya samaki kufa, na matumbo hayo uyafukie nchi kavu badala ya kuyatupa majini, kwa kuwa samaki watakaoyala wataipokea minyoo ikiwa hai, kama chewa wako walivyoipokea.