"Nichoree, mwalimu": watoto wanaposema hawajui kuchora

SWALI: Nafundisha watoto wa miaka minne na mitano. Kwenye kipindi cha sanaa huwa nachora ua ubaoni, nao wanalinakili. Siku hizi wengi hawataki hata kuanza: "Sijui, nichoree, mwalimu." Nikiwaachia wachore wanachotaka, wanachora watu wasio na kiwiliwili, na wazazi wananiuliza ninawafundisha nini. Nifanyeje?
Mwalimu wa chekechea

JIBU: Mwalimu mwenzangu, anza kwa kufuta ua hilo ubaoni. Mtoto akitazama ua la mtu mzima kisha akatazama lake, anaona kasoro tu. Wiki baada ya wiki akilinganisha hivyo, lazima aseme hajui, na kwa kipimo ulichomwekea anasema kweli.

Watu wasio na kiwiliwili wasikutishe. Mtu wa kichwa na miguu, mikono ikitokea mashavuni, ni mchoro wa kawaida kabisa wa umri huo. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, alieleza hatua hizi mwaka 1947: mikwaruzo kwanza, kwenye miaka miwili hadi minne, kisha kati ya minne na saba maumbo yanaanza kufanana na vitu. Vitabu vya picha za kujaza rangi alivipinga waziwazi. Waambie wazazi kwamba tumbo litakuja.

Mtoto akisema "nichoree mbwa", usiishike penseli yake. Mwulize: masikio yake yamesimama au yameanguka? Mkia uko wapi? Anafanya nini sasa hivi? Mara nyingi hujamaliza kuuliza, mkono umeshaanza. Asipotaka bado, mpe udongo. Wapo watoto ambao vidole vyao hutangulia penseli.

Kwenye rangi ndipo ninapopapenda zaidi. Usijaze meza makopo kumi. Weka nyekundu, njano na nyeupe tu kwa siku kadhaa, brashi nene, karatasi kubwa, na usiwaambie kitakachotokea. Wa kwanza kupata rangi ya machungwa atapiga kelele, na meza nzima itataka kujua amefanyaje. Nyamaza, waambiane wenyewe. Kisha leta buluu. Watapata kijani, watapata zambarau, na mwisho watachanganya zote wapate kahawia. Usiikasirikie kahawia hiyo, tafadhali! Wameifanyia kazi.

Ukipita mezani, punguza "nzuri sana". Taja unachokiona: "Naona mistari mingi upande huu, nisimulie." Wala usiharakishe kuuliza "hii ni nini?" Pengine si kitu, ni mkono uliofurahia kuzunguka.

Kwa wazazi, andika chini ya kila picha maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na tarehe. Anayesoma "Bibi anakimbia mvua" hataulizia kiwiliwili. Hifadhi michoro michache ya kila mtoto tangu mwanzo wa muhula, uwaonyeshe ikiwa imepangwa kwa tarehe. Mabadiliko watayaona wenyewe. Ukutani bandika ya wote, si ile nadhifu peke yake.

Na yule anayekataa kabisa, usimlazimishe. Mpe kazi ya kuosha brashi na kugawa karatasi, akae karibu na wenzake wanaopaka. Siku akichovya kidole kwenye rangi, usimshangilie. Msogezee karatasi tu.